Dole Gumba

Kiwanda cha soksi kilifungwa Jumanne,
kabla ya chakula cha mchana. Walitugawia bahasha
na jozi sita kila mtu, zisizolingana.
Miaka kumi na tisa.
Vidole vilibaki na haraka isiyo na kazi.

Mdogo wangu Orathai akasema: kajifunze kukanda,
nyuma ya soko la Lamphun, ada yao nafuu,
watu hawataacha kuumwa mgongo.

Basi nipo hapa, na arobaini na tatu zangu, nimepiga magoti
mbele ya mwalimu aliyezaliwa nikiwa darasa la sita.
Phichai. Huja na pikipiki, huchelewa,
hutafuna chingamu hata anapoomba dua.
Siku ya kwanza alinipa gunia la mchele:
"Likande mpaka lilegee."
Nilicheka. Hakucheka.
Kufikia Ijumaa nililijua gunia lile,
wapi limejaa, wapi linadanganya.

Mwili una njia sabini na mbili elfu,
ndivyo isemavyo elimu hii. Sisi tunasoma kumi.
Zote huanzia kitovuni,
pale tulipofungwa fundo la kwanza.
Ukimpasua mtu huzikuti.
Nami niliyehesabu mishono maisha yangu yote
nikaambiwa nihesabu kisichoonekana.

Jumatano hupika dawa:
mchaichai, manjano, kafuri,
maganda ya ndimu yenye mikunjo, chumvi ya mawe.
Tunatwanga, tunafunga kitambaani, kishungi juu.
Kufunga sikufundishwa na mtu.
Uzi unanijua.

Kisha wakaja wa kukandwa bure, wale wa mazoezi.
Wa tatu mkono wake hauinuki:
Bwana Sombun, msimamizi wa zamu ya usiku,
aliyesimama mlangoni mwa choo na saa mkononi,
dakika tatu, Nonglak, dakika tatu.
Hakunitambua.
Au alinitambua akafumba macho,
na kufumba macho ndiyo kazi ya anayekandwa.

Kabla ya kugusa, unakutanisha viganja,
unamtakia heri aliyelala mbele yako.
Nilikutanisha viganja.
Heri ikanikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kidole kimoja hakivunji chawa; nilitumia viwili,
na nyuma yake uzito wa miaka kumi na tisa.
Akaguna.
Phichai akaacha kutafuna.
"Hilo dole lina kinyongo. Kalioshe."

Bombani maji yalikuwa ya moto, jua lilishaupika mpira.
Nilisugua mpaka chini ya kucha.
Sijui kama kinyongo hutoka kwa sabuni.
Nilirudi na dole lilelile,
limelowa tu.

Safari hii nilisubiri.
Anapotoa pumzi unashuka, anapovuta unapanda,
usukani si wako.
Na chini ya bega, ukingoni mwa mfupa bapa,
nikalikuta: dogo, gumu, kama kokwa ya ukwaju.
Nikakaa nalo.
Lilikuwa fundo la mkono uliokunjwa kifuani
usiku baada ya usiku, kutazama saa.

Ninalo la kwangu, upande wa kulia.
La mashine.

Sikumsamehe. Nalisema hili
mtu asije akanitia maneno mdomoni.
Nilibonyeza panapostahili, kwa kadiri inayostahili,
na fundo likakaa, likakataa,
kisha likasogea kidogo,
kama abiria mkaidi anayempisha mwenzake kwenye benchi.

"Bado muda gani?" akauliza, uso umezama mtoni mwa mto wa pamba.
Saa ya ukutani ilikufa tangu mvua za Septemba.
Hakuna aliyeona haja ya kununua betri.

"Geuka," nikamwambia.
"Kuna bega la pili."